Oya kwenye Mteremko wa Simbo

Jumapili, 11 Januari

Klabu imeongezewa mtu leo na mimi sikuulizwa. Kapteni Feliksi kamleta tu asubuhi, akasema, "Huyu ni Selestini, wa Kagunga, kule mpakani. Anabeba dagaa pale mwaloni Kibirizi. Miguu anayo. Mpokeeni." Miguu kweli anayo, sibishi. Lakini baiskeli yake ya resi imepakwa rangi kwa brashi ya ukutani, na amekuja mazoezini na shati la kanisani, vifungo vyote hadi kooni.

Hayo ningemsamehe. Kilichonichefua ni breki. Sisi wa Rusimbi, hapa Ujiji, tunaendesha kwa mlolongo, gurudumu nyuma ya gurudumu. Wa mbele anakata upepo, wengine tunapumzika mgongoni kwake. Akichoka anatikisa kiwiko, anapiga kelele "Oya!", anasogea kando, na wa pili anapita kushika mbele. Hakuna aliyewahi kufundishwa jambo hilo darasani. Unaingia, unasikia, unafuata. Leo nilikuwa mbele, nimechoka, nikatikisa kiwiko, nikapaza sauti, "Oya!" Badala ya kupita, mtu huyu kashika breki! Swaibu mdogo wangu alikuwa nyuma yake, kaponea chupuchupu kumvaa.

Nikageuka nikamwuliza kama amelala.

"Samahani dada," akasema. "Nilisikia."

Alisikia nini sasa, na breki kashika?

Alhamisi, 15 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sare za shule mpaka kidole kimekufa ganzi.

Jumapili, 18 Januari

Amejirekebisha. Nikisema oya, anapita vizuri, hata bila kuyumba. Ila ana maringo. Akiwa yeye mbele na amechoka, hasemi neno. Anatikisa kiwiko kidogo, midomo kaibana, kama vile kutuambia oya ni kujishusha. Nimemwambia Swaibu. Swaibu kacheka, "Dada, wewe mtu akinyamaza unamchukia, akiongea unamchukia. Akufanyie nini?"

Swaibu anampenda kila mtu. Ndivyo alivyozaliwa.

Jumapili, 25 Januari

Kapteni ametangaza mashindano: Jumapili ya mwisho ya Aprili, kutoka Kigoma hadi Simbo na kurudi. Kila klabu itatoa mtu mmoja wa kuingia timu ya mkoa, yule atakayemaliza mbele ya wenzake. Miezi mitatu iliyopita mtu huyo angekuwa Swaibu, hakuna wa kubisha. Leo kila mtu alimtazama Swaibu, halafu akamtazama Selestini.

Swaibu anataka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tangu marehemu baba alipomnunulia baiskeli yake ya kwanza anasema ataivaa jezi ya mkoa, na mama amezoea kumwitikia "Inshallah" bila kuinua macho kwenye sufuria. Usiku analala na miguu juu ya mto ili damu irudi. Amemwambia mama asimwekee tena chapati za mafuta, anataka viazi, muhogo na samaki, migebuka ya kuchemsha. Mama kasema huyu mtoto ameingiwa na ugonjwa.

Jumanne, 3 Februari

Nimemshonea Selestini jezi ya klabu, kijani, jina mgongoni. Kapteni aliniomba. Jamaa aliishika kwa mikono miwili, akaikunja upya ingawa nilikuwa nimeshaikunja, akasema, "Urakoze." Ni asante ya kwao. Nikamwambia hapa ni Ujiji, tunasema asante. Akasema, "Asante, dada Asia."

Jumapili, 8 Februari

Mvua. Tumeishia darajani Luiche. Maji yamejaa, mekundu.

Jumatano, 18 Februari

Kesho tunaanza kufunga. Kapteni amepanga mazoezi yawe jioni, ili sisi tunaofunga tufike nyumbani adhana ikilia. Amesema wanaofunga wasikimbizane kwenye miteremko, kichwa kikiwa hakina maji mikono inachelewa. Swaibu ameitikia ndiyo kwa mdomo.

Jumapili, 22 Februari

Daku ya leo: uji wa ulezi, ndizi za kuchemsha, tende, maji mengi. Nimeendesha vizuri kuliko nilivyotegemea. Ulimi ulikuwa mkavu lakini miguu ilikubali.

Selestini hafungi, ameshiba, ana nguvu, na bado leo katika kila mzunguko alikuwa anarudi mkiani. Anashika mbele zamu yake, halafu anateleza hadi mwisho kabisa na kukaa huko. Sisi mtu wa namna hiyo tunamwita kupe. Sisi wenye njaa tukate upepo, yeye mwenye chakula tumboni ajifiche! Nilimwambia Kapteni. Akasema, "Mwache, Asia. Ana sababu zake." Sababu gani hiyo isiyotamkika?

Ijumaa, 27 Februari

Nimegombana na mama juu ya suruali ya baiskeli. Nimevaa sketi juu yake. Yamekwisha.

Jumapili, 1 Machi

Tena mkiani.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni hospitali, mgongo ukutani. Mama ameshikilia kiganja cha Swaibu na hataki kukiachia. Nitaandika ilivyokuwa kabla haijachanganyika na maneno ya watu.

Tulitoka jioni, mvua imekatika muda si mrefu, barabara inang'aa. Tulipogeuza kurudi, Swaibu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo atampima Selestini. Nikamkumbusha alichosema Kapteni. Akatabasamu. Kwenye mteremko wa Simbo, Selestini alikuwa mbele, Swaibu wa pili, mimi wa tatu, wengine nyuma. Tulikuwa tunashuka kwa kasi, upepo unapiga masikioni, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma la Swaibu, sikuona barabara ya mbele.

Nikasikia Selestini akisema, "Oya!" Kisha tena kwa nguvu, "Oya!" Mkono wake ulitoka pembeni, kiwiko au mkono mzima, sikuona vizuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo. Swaibu akainuka kwenye kiti, akapiga pedali, akampita.

Pale mbele mvua ilikuwa imeula ukingo wa lami, ikachimba korongo. Selestini alikuwa tayari ameshika breki. Swaibu aliingia na kasi yake yote.

Sauti ile sitaiandika. Nilipomfikia alikuwa amekaa, anautazama mguu wake ambao haukuwa umekaa kama mguu. Alisema, "Dada, funga yangu imebatilika?" Adhana ilikuwa inalia mbali huko. Nilimtia maji mdomoni kwa mkono wangu. Selestini alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anasema maneno ya kwao mfululizo, analia, na mimi nilimsukuma kifuani akaangukia matopeni. Nilisikia raha kumsukuma. Niseme kweli.

Paja limevunjika, na mfupa wa bega. Daktari amesema baiskeli aisahau kwa mwaka huu.

Jumapili, 8 Machi

Wamemfunga mguu kwa kamba na mzigo unaning'inia mwisho wa kitanda. Alipoamka vizuri, jambo la kwanza alilosema ni, "Aliniita. Ulisikia, dada? Aliniita nipite."

Nikasema nilisikia.

"Alilitazama korongo akaniita."

Swaibu huyu ambaye anampenda kila mtu.

Jumanne, 10 Machi

Klabu imekutana baada ya futari, nje ya karakana ya Kapteni. Wote walikuja. Selestini alikuja mapema kuliko wote, amevaa lile shati la kanisani, akakaa peke yake kwenye benchi.

Kapteni akamwuliza mbele ya watu: "Swaibu anasema ulimwita apite. Ni kweli?"

"Hapana, Kapteni. Nilimkataza."

Watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Mwongo huyu, anataka nafasi." Kapteni akanyamazisha, akauliza nani alikuwa karibu. Nikasimama. Nikasema, "Mimi nilikuwa wa tatu. Sitii chumvi, nasema nilichokisikia kwa masikio yangu mawili. Alisema oya. Alisema mara mbili. Niko tayari kuapa na mwezi huu mtukufu."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo bado linanichemsha damu. Selestini alinigeukia, uso wake umefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Ego. Ndivyo. Asante sana, dada Asia."

Ego ni ndiyo ya kwao. Amekiri! Amekiri na kunishukuru juu yake! Sijapata kuona mtu mkavu wa macho namna hii. Kelele zilizuka, Kapteni akasema basi, amekubali mwenyewe, klabu haina kazi naye. Selestini alibaki amesimama, anatutazama mmoja mmoja, kisha mimi, kama aliyekuwa anasubiri niongeze neno. Neno gani? Nililigeuza jicho langu. Akachukua baiskeli yake akaondoka akiikokota.

Jumatano, 11 Machi

Jezi imerudishwa. Ameiacha kwa jirani, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko mimi ninavyokunja. Nilitaka kulifumua jina lakini sikujisikia kushika mkasi.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Hatukuendesha. Wanasema Selestini ameacha kazi Kibirizi na amerudi kwao kwa boti. Aende.

Alhamisi, 19 Machi

Swaibu hataki kula. Anageuza uso kwenye ukuta. Mama anamlisha kwa kijiko kama alipokuwa mdogo, anakubali mara mbili, anafunga mdomo.

Jumamosi, 21 Machi

Idd. Tumepeleka pilau wodini. Swaibu alimpa salamu kila aliyekuja, akacheka na wajomba, na walipoondoka aliniambia, "Dada, mguu huu ningeukubali. Kinachonila ni kwamba mtu amenitazama machoni wiki nyingi, ananipa zamu, anapokea zamu, kumbe ananipimia kaburi." Nami najiuliza hivyo hivyo kila siku kwenye cherehani.

Jumatano, 25 Machi

Tumeendesha. Mlolongo umekuwa mfupi. Mtu akisema oya, wa nyuma anachungulia kwanza mbele ndipo apite. Zamani hatukuwa hivyo.

Jumamosi, 28 Machi

Lazima niandike.

Kwenye kitanda kinachofuatana na cha Swaibu ameletwa mvuvi aliyeungua. Mke wake anamwuguza, na ana mtoto wa kike anayeanza kusimama na kutembea. Leo mchana nilimimina chai kwenye kikombe, nikakiweka juu ya stuli nimgeuze Swaibu. Mtoto akaja mbio zake za kuyumba, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha moto. Mama yake kutoka upande wa pili akapaza sauti kali, "Oya! Oya!" Mtoto akaurudisha mkono mgongoni palepale.

Nikacheka. Nikasema, "Mama, mtoto unamwita kama kijana wa kijiweni? Ungemwambia tu asiguse."

Akanishangaa. "Simwiti, dada. Namkataza. Oya si ni hapana? Sisi kwetu ndivyo tunavyosema."

"Kwenu wapi?"

"Kagunga."

Nilikaa kitandani juu ya miguu ya Swaibu bila kujua. Alipiga kelele ya maumivu ndipo nikasimama.

Sasa yote yananirudia kwa mpangilio wake, na kila moja linauma peke yake. Siku ya kwanza nilimpigia kelele oya, akashika breki, akasema "Nilisikia." Alisikia! Nilimwambia hapana, akasimama. Na kule mteremkoni aliliona korongo, akaogopa, na mtu akiogopa analia kwa lugha ya mama yake. Alimkataza Swaibu mara mbili. Nami nikasimama mbele ya watu na kuapa kwamba alisema oya, na yeye akanishukuru, kwa sababu alijua nimesema alimkataza. Alidhani namtetea.

Nilisema kweli tupu. Ndiyo iliyomfukuza.

Jumatatu, 30 Machi

Nimemwambia Swaibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimejivunja mwenyewe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Aliniambia hapana, nikapita. Nilikuwa nataka kumpita tangu tulipogeuza, dada, wewe unajua, nilikwambia. Angesema oya, angesema shimo, angesema amina, ningepita." Akafunika uso kwa shuka. Alipofunua akasema nimwache na neno langu la Kagunga, nisimletee tena.

Jumatano, 1 Aprili

Kwa Kapteni. Alikuwa ananyoosha rimu. Nilipofika kwenye habari ya yule mama na kikombe, aliiacha ikazunguka peke yake mpaka ikasimama.

"Bibi yangu aliyenilea," akasema, "alikuwa akinikataza kwa neno hilo hilo. Asia, nimelisikia kabla sijajua kutembea. Halafu siku ile kwenye benchi nikasikia la baiskeli tu."

Nikamwuliza na kuhusu mkiani, maana siku hizi kila nililowahi kulidhani juu ya mtu yule naliogopa.

"Alikuwa anarudi kunywa maji," Kapteni akasema. "Aliniuliza siku ya kwanza ya mwezi mtukufu, akasema si adabu kuinua chupa mbele ya watu waliofunga. Akaniomba nisiseme, msije mkamwonea haya."

Mimi nilimwita kupe.

Jumatatu, 6 Aprili

Tumempigia simu, haipatikani. Kapteni ametuma ujumbe kwa watu wa boti kwamba klabu imekosea, arudi. Hakuna jibu.

Alhamisi, 9 Aprili

Bado. Kapteni anataka kwenda mwenyewe. Nimemwambia aliyesimama pale ni mimi, nitakwenda mimi. Mama amesema mwanamke gani anapanda boti kumfuata mwanaume kwao. Nikamweleza sababu. Akanifungashia mkate wa mchele wa kuwapelekea.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimerudi. Mama amelala, nami nimeketi na hili daftari, sijui nianzie wapi.

Boti ilitoka Kibirizi asubuhi, ziwa limetulia, vilima upande wa kulia vyote kijani kwa ajili ya mvua. Nilikuwa na jezi kwenye mfuko. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuwa mafupi mno. Kagunga nilimwuliza mtu wa kwanza niliyemkuta, akanipeleka.

Selestini hakuwepo, alikuwa ameshuka majini kwa nyavu. Alikuwepo mama yake, anageuza dagaa mchangani kwa reki. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia. Nikasema ninatoka Rusimbi, naitwa Asia.

Akaitupa reki. Alinikumbatia kwa mikono yake ya dagaa, akanishika uso, akawaita majirani. "Ni huyu! Ndiye huyu mwana wa Ujiji aliyemtetea Selestini wangu! Wote walimgeuka, huyu peke yake akasimama!" Wanawake wakaja kunipa mkono. Mmoja akanivua viatu. Nikajaribu kusema, "Mama, ngoja nikueleze," akasema nitaeleza nikishakula, mgeni haongei na njaa. Alinipikia mgebuka mkubwa kwa mawese, akanimegea ugali, akakaa mbele yangu kuniangalia ninavyokula. Nilikula. Mungu anisamehe, nilikula chote kwa sababu sikujua jinsi ya kukataa.

Selestini alikuja nikiwa nanawa. Amekonda. Aliponiona alifanya uso uleule wa kwenye benchi.

"Dada Asia. Nilijua utakuja siku moja. Swaibu anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea. Nikamwomba tutembee. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai vizuri, tairi hazina upepo. Tukasimama hapo.

Nikamwuliza, "Selestini, sisi tukisema oya mazoezini, wewe ulikuwa unasikia nini?"

Akafikiri. "Siku ya kwanza nilidhani umeniambia nisimame. Baadaye nikaona kila anayechoka anasema hivyo. Nikajua mnasema hapana, siwezi tena. Ndiyo maana mimi sikusema. Sikutaka mseme mtu wa Kagunga hawezi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza. Kwamba kwetu oya ni njoo, pita, songa. Kwamba Swaibu alisikia pita. Kwamba wote walisikia pita. Aliinamisha kichwa, anaelewa taratibu, midomo yake ilikuwa inalirudia neno bila sauti. Halafu akaniangalia, na nikajua amefika pale nilipokuwa naogopa afike.

"Na wewe dada? Siku ile uliposimama?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua. Mama yake alikuwa anaimba jikoni kwa furaha ya mgeni, na mtu huyu alikuwa ananisubiri kwa adabu. Nikasema, "Na mimi. Sikuwa nakutetea. Nilikuwa nakushitaki."

Kuku walipita katikati yetu. Mwishowe akasema, bila hasira, na afadhali angenipiga:

"Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja."

Nilimpa jezi. Hakuipokea. Nilimwambia klabu inamtaka, Kapteni anamtaka, akasema amesikia. Nikamwomba radhi, nikalia, akasema nisilie, mama asije akaniona akauliza. Alinisindikiza mpaka kwenye boti kwa sababu mgeni husindikizwa. Hakumwambia mama yake kitu mbele yangu. Yule mama alinipungia kitenge mpaka sikumwona tena.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemsimulia Swaibu, ingawa alinikataza. Aliangalia ukuta.

Jumanne, 14 Aprili

Nikiwa nakusanya vyombo, Swaibu akauliza ghafla, "Huyo mama yake, samaki alimpika vipi?"

"Kwa mawese."

Akatikisa kichwa kidogo. Leo amemaliza chakula.

Jumamosi, 18 Aprili

Swaibu yuko nyumbani, na magongo. Mvua inapungua.

Jumatano, 22 Aprili

Klabu imekubaliana: anayechoka atasema "Pita". Tunajaribu. Ulimi unasahau, tunarudia.

Korongo la Simbo limejazwa kifusi lakini kinazama kila ikinyesha.

Jumapili, 26 Aprili

Wamekuja waendeshaji wengi, hata wa Kasulu. Tulianza wote pamoja, wanawake kwa wanaume. Nilipokuwa nafunga helmeti nikamwona Selestini pembeni kabisa. Shati la kanisani, vifungo hadi kooni, baiskeli ya rangi ya brashi. Kapteni alimwendea na jezi mkononi. Waliongea. Kapteni akarudi na jezi.

Aliendesha peke yake. Mlolongo wetu ulimfikia mara mbili, na mara zote mbili Kapteni alimwachia nafasi aingie apumzike mgongoni kwetu, na mara zote mbili alisogea pembeni akakata upepo wake mwenyewe. Alikuwa anatushinda hivyo hivyo.

Kwenye kurudi, mteremko wa Simbo, alikuwa mbele yetu kidogo na mimi nilikuwa nashika mbele. Pale penye korongo nikaona bajaji imeegeshwa, na mtu amesimama katikati ya barabara juu ya magongo mawili, ameinua kanga ya mama. Sikuwa nimeambiwa. Mama naye alikuwa kwenye bajaji, amejishika kichwa.

Swaibu alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, akimtazama Selestini anayeshuka:

"Oya! Oya! Oya!"

Selestini akashika breki. Baiskeli yake ikayumba, ikatulia, akapita taratibu pembeni ya kifusi kilichozama, karibu sana na gongo la Swaibu. Nikamsikia akijibu, "Ego!" Akaweka mkono begani kwa Swaibu, lile lisilovunjika, baiskeli bado inatembea, kisha akaachia na kuendelea kushuka. Nyuma yangu wote walikuwa wameshika breki.

Kwa sababu aliendesha bila klabu, nafasi yetu imekwenda kwa Kapteni, ambaye alimaliza nyuma yake mbali. Jioni Selestini alikuja nyumbani Rusimbi kabla ya boti. Alimwamkia mama, akala naye futi moja kutoka nilipokaa, akakaa na Swaibu wakicheka juu ya magongo. Swaibu alimfundisha kusema oya ya mjini, naye akakataa kuisema, wakacheka tena. Alipoondoka alimuaga mama, akamuaga Swaibu.

Mimi hakuniaga.